Bakuli la mbao la kujitengenezea: msumeno wa uzi, kerezo au tezo?

Kwetu Zanzibar mbao ya mfenesi haitupwi. Fundi akimaliza mlango, kipande kinachobaki hupandishwa darini au husukumwa chini ya kitanda kikingojea siku yake. Kipande kama hicho, upana wake shubiri na ushei, unene wake sentimita mbili, ndicho kilichoniingiza mimi katika mambo ya mabakuli. Nilitaka bakuli la kuwekea tende wakati wa kufuturu. Nikazunguka kuuliza, na kila niliyemuuliza alinijibu kwa chombo alichokishika mkononi: wa kerezo, yaani mashine inayozungusha mbao huku ikichongwa, aliniambia nitafute gogo, wa tezo, kile chombo cha kuchongea chenye umbo la kijembe, aliniambia nitafute gogo kubwa zaidi, na rafiki yangu mmoja wa mjini akaniambia kipande hichohicho kinatosha, ila nitahitaji msumeno ambao sijawahi kuuona.

Wote watatu walisema kweli. Tangu hapo nimetengeneza mabakuli kwa njia zote tatu, kwa kupenda tu, si kwa kuuza. Ninaloliona ni kwamba wengi wetu hutamani mashine kwanza, tukaja kuhangaikia mti baadaye. Mimi naanzia upande mwengine: mti ulionao, nyumba unayoishi na kitu utakachokitia bakulini. Ukishayajua hayo matatu, chombo hujichagua chenyewe, au hubaki viwili tu vya kushindanisha.

Mambo ya kupima kwanza

La kwanza ni mti. Una ubao uliokwisha kauka, au una gogo bichi la mwembe ulioangushwa ili nyumba ijengwe? Ni vitu viwili mbalimbali kabisa, na njia inayopenda kimoja haipendi chengine.

La pili ni mahali. Anayekaa ghorofani Michenzani, au kwenye nyumba ya Mji Mkongwe ambayo ukuta wake ndio ukuta wa jirani, hana uhuru wa kelele na vumbi alionao mtu mwenye uwanja wake Konde au Makunduchi. Na umeme uko hapahapa: upo, hautetereki, na mashine yako inakubaliana nao?

La tatu ni kazi ya bakuli. Tende, karanga, karafuu, matunda, halua iliyofungwa, yote hayo ni mepesi kwa mbao. Mchuzi wa moto na urojo ni jambo jengine.

La nne ni subira, yaani siku ngapi uko tayari kungoja mpaka bakuli lisimame mezani. La tano ni mwili wako mwenyewe: kifua, macho, mgongo na nguvu za mikono.

Bei sikuiweka peke yake kwa sababu hupanda na kushuka kila meli inapokuja, lakini mpangilio wake haubadiliki sana: tezo na patasi ndio nafuu, msumeno wa uzi uko katikati, kerezo na vikorokoro vyake ndilo ghali.

Msumeno wa uzi

Huu ni msumeno mdogo wa mezani unaotumia umeme. Wembe wake ni mwembamba mno, umekazwa juu na chini, unapanda na kushuka mahali pamoja huku wewe ukiusukumia ubao. Nauita msumeno wa uzi kwa ule wembamba wake. Watu huununua kwa ajili ya nakshi, herufi za majina na vitu vya kuchezea watoto, na wengi hawajui kwamba unaweza kutoa bakuli.

*Mti.* Unataka ubao mkavu, ulionyooka, wenye unene wa sentimita mbili hivi. Siri yake ni pete. Ukiinamisha meza ya msumeno, kila duara unalokata linatoka pana juu na jembamba chini. Ukikata pete moja ndani ya nyengine kutoka ubao uleule, kisha ukazipanga kubwa juu ya ndogo, kitako cha pete ya juu hukaa sawasawa juu ya uso wa pete ya chini yake, na ubao uliokuwa bapa unasimama kama bakuli.

Hesabu yake ni ya skuli. Gawa upana wa pete kwa unene wa ubao. Jibu ni tanjenti ya pembe ya kuinamisha meza. Kwa ubao wa milimita 20, pete ya milimita 6 inataka nyuzi 17, ya milimita 8 inataka nyuzi 22, ya milimita 10 nyuzi 27, na ya milimita 12 nyuzi 31. Kipande changu cha mfenesi kilikuwa na sentimita 25 kila upande. Nilichora duara la sentimita 24, nikapata pete 5 za milimita 8 na kisahani cha katikati cha kuwa kitako. Tabaka 6 za sentimita 2 ni bakuli la kimo cha sentimita 12 kabla ya kupiga msasa. Kulipata bakuli la kimo hicho kwa kuchimba ningehitaji gogo la sentimita 25 kwa 25 kwa 12, yaani mbao mara sita ya ile niliyotumia. Kwa visiwa vyetu, ambako mbao nzuri nyingi inavuka bahari kutoka bara, hilo si jambo dogo.

Mfenesi unakatika vizuri na rangi yake ya njano huendelea kuiva kuwa kahawia kadiri miaka inavyopita. Mwembe nao ni mzuri, ila kagua sehemu nyeupe ya nje, kwani bungua huipenda. Msaji unakatika lakini unaufanya wembe uwe butu upesi. Mnazi una nyuzi ngumu zinazokula wembe na katikati yake ni laini kama sifongo, anayeanza auache. Mpingo na mbao nyengine nzito hutoa moshi na alama nyeusi. Dawa yake ni kubandika selotepu pana ya kufungia maboksi juu ya mstari wa kukatia. Wembe hupita kwa wepesi zaidi na mbao haiungui.

*Mahali na umeme.* Hapa ndipo unaposhinda roho za wengi. Unakaa juu ya meza ya kawaida, sauti yake hailingani na ya randa ya umeme wala ya kerezo, na watoto wanaweza kulala chumba cha pili. Ukipata wa mtumba, soma kibati chake kabla ya kuuchomeka. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutumia volti 120, na umeme wetu ni volti 230.

*Kazi yenyewe.* Chora maduara kwa bikari, inamisha meza, kata duara la nje. Ikiwa meza imeinama upande wa kushoto, katikati ya duara iwe mkono wa kushoto wa wembe; ukigeuza, utapata pete zinazopanuka kwenda chini na hazitapangika. Kwa pete za ndani unatoboa tundu dogo la kupitishia wembe, na tundu hilo nalo lazima liiname nyuzi zilezile. Mimi hukata kijiti kwenye meza iliyoinamishwa vilevile, kikawa ndio kiongozi cha kekee. Tumia wembe mnene, namba 9 au karibu yake, wala usiusukume. Ukiharakisha, wembe unajipinda ndani ya mbao na pete inatoka na tumbo kama pipa.

Pete ikishakatika, ilaze juu ya ubao uliobaki uchore mstari upya kwa kuifuata, kwa sababu wembe umekula mbao kidogo na mistari yako ya mwanzo haisemi kweli tena. Na ishike kwa upole. Pete ambayo haijagundishwa ni dhaifu pale nyuzi za mti zinapoikata kwa mapana. Ya kwanza kabisa ilinikatikia mikononi nikiitazama kwenye mwanga, furaha yangu ikaishia hapo, nikatafuta ubao mwengine.

Unapozipanga, weka alama ya penseli ubavuni mwa ubao kabla ya kukata ili nyuzi za pete zote zielekee upande mmoja. Masika ubao huvimba kwa mapana yake na kiangazi hunywea. Pete zikielekea upande mmoja hucheza pamoja, zikipishana hugombana mpaka gundi iachie. Gundisha pete kwa gundi nyeupe ya mbao, ile inayovumilia maji, lakini kisahani cha kitako kiache kwanza. Weka kibao juu, na juu yake ndoo ya maji ya lita 20, ukiache usiku kucha. Asubuhi utaweza kupiga msasa ndani ukiingiza mkono juu na chini, kisha ndio unagundisha kitako. Aliyegundisha vyote kwa pamoja atajua kwa vidole vyake tabu ya kusugua kona ya chini.

Msasa ndio nusu ya kazi nzima. Anza na namba 60 au 80 mpaka ngazi baina ya pete zipotee, kisha 120, 220, na ukipenda 320.

*Hatari.* Wembe huu hauna ukatili wa msumeno wa duara, lakini kidole hukata. Kubwa zaidi ni vumbi: ni laini, linapanda usoni, na vumbi la mvule na la msaji hukera ngozi na kifua. Mwenye pumu avae barakoa ya kweli, si kitambaa, na akae upande ambao upepo unatoka kwake kwenda dirishani.

*Bakuli linalotoka.* Kuta nyembamba, jepesi, na umbo lolote unaloweza kulichora: duara, yai, ua la petali sita, nyota ya pembe nane. Ukigundisha mbao mbili za rangi mbalimbali kabla ya kukata, mistari inazunguka bakuli zima na kila atakayeliona atakuuliza umefanyaje. Udhaifu wake ni maungio. Usilitie kitu cha moto, usililoweke. Tende, karanga, ubani, funguo, hapo ndipo nyumbani kwake.

*Linamfaa nani.* Mtu wa mjini, mwenye saa moja moja za jioni, mwenye jicho la vipimo, na ambaye mbao anazozipata ni vipande vya mabaki ya mafundi.

Kerezo

Kukereza si kugeni kwetu. Miguu ya samadari na vijiguzo vya veranda za ghorofani Mji Mkongwe vilikerezwa. Lakini mguu wa kitanda hushikwa ncha mbili, bakuli hushikwa upande mmoja tu huku upande wa pili ukichimbwa. Kwa hiyo usidhani kila fundi wa miguu ya viti ana kerezo la kukufaa. Muulize kama lake lina sahani ya kufungia gogo kwa skrubu.

*Mti.* Gogo, na bichi ndilo tamu. Unalipasua nusu, unauondoa moyo wa mti kwa sababu hapo ndipo nyufa zinapoanzia, na ncha unazipaka nta au rangi ya zamani ili zisikauke kabla ya sehemu nyengine. Mwembe, mfenesi, mkungu na mzambarau hupatikana hapahapa kila watu wanapokata mti uliozeeka au uliosogelea paa. Kwa magogo ya bure, njia hii na ya tezo hazina mshindani. Msitu usiuguse: Jozani ni hifadhi ya taifa, Ngezi nayo ni hifadhi, na mvule uliosimama mule si wa bakuli la mtu.

*Mahali na umeme.* Inataka chumba cha chini chenye sakafu ya saruji, meza nzito iliyofungwa, na jirani mwenye moyo. Gogo lisilo na mizani hutetemesha nyumba. Umeme ukikatika katikati ya kazi hakuna kinachoharibika, mashine inasimama tu. Ukiwa unapungua na kurudi, hapo mota ya mashine ndiyo itakayoumia.

*Kazi yenyewe.* Unakereza mara mbili. Mara ya kwanza gogo likiwa bichi: unalipa umbo la bakuli lakini unaacha kuta nene, kadiri ya sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Bakuli la sentimita 25 liachiwe sentimita 2 na nusu. Kisha unaliweka kivulini, ndani ya mfuko wa karatasi au katika maranda yake mwenyewe, miezi kadhaa. Litapinda na kuwa yai, na ndiyo maana uliacha unene. Kila wiki lipime kwenye mizani ya jikoni; uzito ukiacha kushuka, limekauka. Masika hushuka polepole sana, uwe na moyo. Halafu unalirudisha kwenye kerezo na kulimaliza.

Kwa mwendo, kuna kanuni ya wakerezaji inayonisaidia: kipenyo kwa sentimita ukikizidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jibu liwe baina ya 15,000 na 22,500. Gogo la sentimita 25 basi lizunguke mara 600 mpaka 900. Likiwa halijawa duara, punguza chini ya hapo.

*Hatari.* Ndiyo kubwa kuliko zote tatu. Kipande kinaweza kuchomoka na kurukia uso, kwa hiyo miwani peke yake haitoshi, vaa kinga ya uso mzima. Mikono ya kanzu, ncha ya mtandio, kanga iliyofungwa kiunoni, kamba ya tasbihi shingoni, vyote viondoke au vifungwe kabla ya kuwasha. Kwa hili sina suluhu. Mwenye haraka na asiyekuwa na mtu wa kumsimamia siku za mwanzo, kerezo lisiwe chombo chake cha kwanza.

*Bakuli linalotoka.* Duara kamili, kipande kimoja bila ya gundi, nyuzi za mti zikionekana zote kuanzia mdomo mpaka kitako. Linavumilia matunda mabichi, saladi na kachumbari, na kuoshwa haraka kwa maji vuguvugu. Umbo ni duara na duara tu.

*Linamfaa nani.* Mwenye banda lake au mwenye fundi wa kumkubalia, anayepata magogo, na anayependa kazi ya kurudiwarudiwa. Vituo vya mafunzo ya amali, kama vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji kule Pemba, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza nani anakereza.

Tezo na patasi

Babu yangu alichonga vyano, yaani sinia za mbao, uani kwake Wete. Alikaa juu ya kigogo kifupi, gogo la mfenesi baina ya miguu, na sauti ya tezo ilikuwa ikifika mpaka kisimani. Naandika sehemu hii nikijua moyo wangu unaegemea huku, kwa hiyo nitajitahidi kuwa mwadilifu.

*Mti.* Gogo bichi, lililopasuliwa nusu, moyo ukiwa umeondolewa. Mti mbichi hukatika kama muhogo. Ukikauka unakuwa mti mwengine. Fanya kazi yote ya kuchimba ndani ya siku chache, na ukiiacha kazi usiku ifunike kwa gunia bichi.

*Mahali na umeme.* Uwanja na kivuli cha mti. Mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilikaa gizani majuma na miezi baada ya waya wa umeme kutoka bara kuharibika. Na Pemba haikuunganishwa na bara kwa waya wa chini ya bahari mpaka mwaka 2010. Wachongaji hawakusimama hata siku moja. Kelele ipo, ila ni ya mchana na haiwaudhi watu kama ya mota. Vumbi karibu hakuna, ni maranda tu, na kwa mwenye pumu hiyo ni neema.

*Kazi yenyewe.* Shoka la kusawazisha, tezo ndogo ya kuchimbia, patasi ya mdomo wa duara, kisu kikali. Mhunzi mzuri atakufulia tezo kwa springi ya gari. Chimba ndani kwanza wakati gogo bado ni zito na limetulia, kisha ndio uchonge nje. Unapochimba ndani, anzia ncha mbili, piga kuelekea katikati. Ukienda kinyume, nyuzi zitachanika. Acha kuta zenye unene ulio sawa kila mahali, maana penye nene na jembamba pamoja ndipo pa kupasukia. Likaushe kivulini polepole, halafu litengeneze kwa patasi na msasa, au liache na alama zake za patasi, ambazo mimi nazipenda kuliko ulaini wa kioo.

Ukitaka kujua tezo inavyoshikwa, nenda Nungwi ukawatazame mafundi wa vyombo vya baharini. Wanaondoa utando wa mbao mwembamba kama karatasi kwa pigo moja. Ni mkono wa miaka mingi, na mtu asiuone akadhani atauleta nyumbani siku hiyohiyo.

*Hatari.* Muundi wa mguu. Kaa miguu ikiwa wazi, gogo limefungwa au limekingwa lisizunguke, na pigo lisielekee mwilini. Chombo butu kinajeruhi zaidi kuliko kikali kwa sababu kinateleza. Mgongo na viwiko huchoka. Aliyewahi kuumia bega afikirie mara mbili.

*Bakuli linalotoka.* Zito, la kipande kimoja, la umbo la mti wenyewe: refu, la mashikio, au pana kama chano. Lile la babu hulala kwenye kabati ya mama hadi leo, na wali umeliwa humo. Vipimo vyake havitakuwa kamili, na mwenye kupenda mistari iliyonyooka atasumbuka.

*Linamfaa nani.* Mtu wa shamba, mtu asiyetaka kufungwa na umeme, mwenye nguvu na mwenye kupenda utulivu. Anayetaka mabakuli sita yanayofanana asije huku.

Kuyamaliza: jambo moja kwa yote matatu

Wengi hukimbilia mafuta ya nazi kwa kuwa yamo ndani. Hayagandi ndani ya mbao wala hayakauki, na baada ya muda bakuli linaanza kunuka. Mimi hutumia parafini ya maji ya duka la dawa, ile wanayopewa wenye tumbo gumu, nikachanganya sehemu nne zake na sehemu moja ya nta ya nyuki. Siyo mafuta ya taa, tafadhali. Wengine huyaita nayo parafini, lakini moja linaliwa na jengine ni sumu. Parafini na nta viyeyushe pamoja kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Paka, acha usiku mmoja, futa. Rudia kila bakuli linapoonekana limepauka.

Vanishi ngumu inang'aa zaidi na hukinga maungio ya bakuli la pete dhidi ya unyevu, kwa hiyo kwa bakuli la pambo siikatai. Bakuli la chakula nalipendelea mafuta na nta, kwa kuwa linapochakaa unalipaka tena jikoni.

Kwa hali yako

Unakaa ghorofani, una ubao mkavu, unataka zawadi ya harusi mwisho wa mwezi: msumeno wa uzi. Siku nne au tano za jioni zinatosha, na nyingi katika hizo ni za kungoja gundi na kupiga msasa.

Una gogo la mwembe limelala uwanjani na mvua zinakaribia: usingojee kununua mashine. Lipasue leo, toa moyo, paka ncha nta. Ukipata mtu wa kerezo atalichukua. Usipompata, tezo itakuwa bado inalimudu kwa sababu hukuliacha likauke zima.

Unataka bakuli la saladi na kachumbari la kutumika kila siku: kerezo au tezo, kipande kimoja. La pete liwekee vikavu.

Una mtoto wa skuli anayetaka kujifunza pamoja nawe: msumeno wa uzi, ukiwa umesimama ubavuni mwake, kwa sababu hesabu ya pembe na kazi ya mikono vinakutana mahali pamoja na wembe wake mwembamba unampa nafasi ya kujifunza. Kerezo lingoje akue.

Kifua kinakusumbua: tezo, na msasa kidogo uwezavyo.

Uko Pemba, una marafiki watatu wanaopenda kazi hii, na mmoja ana banda: changeni mnunue kerezo moja, kila mmoja abaki na patasi zake. Chombo kinachotumika mara moja kwa mwezi hakina haja ya kukaa katika kila nyumba.

Na ikiwa unacho kipande cha mfenesi chini ya kitanda, kitoe ukipime unene kabla ya kuuliza mtu yeyote. Kikiwa chini ya sentimita 3, umeshajua ni cha pete. Kikizidi sentimita 8 na bado kina unyevu, kifunge kwa gunia bichi leo hii, kesho utafute tezo.